Uaminifu wa Khofu: Riwaya Moja, Sinema na Televisheni

Kila riwaya inapotolewa kitabuni ikatiwa katika picha, swali la kwanza linaloulizwa barazani ni moja tu: je, wameifuata? Muulizaji huwa kama karani wa forodha aliyeshika orodha ya mizigo. Hiki kimo, kile hakimo, yule wamemuua ilhali kitabuni alipona. Mizigo ikitimia, picha hupewa ruhusa ya kupita. Ikipungua, husemwa kwamba kitabu kimeharibiwa.

Sisi tunaoshughulika na tafsiri za mashairi tunalijua swali hilo, na tunajua pia kwamba halitoshi. Ila si rahisi kupata mfano wa kulipimia, kwa sababu riwaya nyingi hufanyiwa picha mara moja zikaachwa. Mfano mmoja mzuri umo katika riwaya ya kutisha ya Mmarekani Stephen King, The Shining, iliyotoka mwaka 1977. Hiyo imepigiwa picha mara mbili. Mara ya kwanza, mwaka 1980, ilipigwa na Stanley Kubrick, ambaye alichukua alichokitaka akaviacha vilivyobaki. Mara ya pili, mwaka 1997, ilioneshwa katika televisheni ya ABC ya Marekani kwa usiku tatu, ikiongozwa na Mick Garris kwa mchezo ulioandikwa na King mwenyewe. King hakuipenda sinema ya mwanzo, na alitaka safari hii watazamaji wakione kitabu chake kama alivyokiandika. Basi tunacho hapa tunachokihitaji: asili moja, tafsiri huru moja, na tafsiri ya neno kwa neno iliyofanywa na mwenye asili.

Kisa chenyewe ni chepesi. Jack Torrance ni mwalimu aliyefukuzwa kazi, mlevi aliyeacha ulevi, na mwandishi ambaye maandishi yake hayamalizikі. Siku moja, katika ulevi wake, alimvunja mkono mwanawe mdogo, Danny. Sasa anapata kazi ya kutunza hoteli kubwa milimani Colorado wakati wa baridi, ambapo theluji huifunga njia miezi kadhaa na humo ndani hubaki yeye, mkewe Wendy na mtoto. Hoteli ina wenyewe. Wenyewe hao ni waovu waliokufa humo, na wanamtaka mtoto, kwa kuwa mtoto ana kipaji cha kuona yaliyopita na yajayo. Njia ya kumpata mtoto ni kupitia kwa baba.

Kipaji hicho ndicho kilichokipa kitabu jina, nalo ni jina gumu kwa mfasiri wa Kiswahili. Ukisema "Kung'ara" umelitafsiri neno na kuipoteza maana. Ukisema mtoto "ana nyota", msomaji wa Pwani atafahamu kuwa ana bahati, na mtoto huyu hana bahati hata kidogo. Mimi ningelielekea neno "kukashifiwa" kwa ile maana yake ya zamani, ya kufunuliwa pazia, lakini siku hizi kashfa ni habari ya gazeti. Mpishi wa hoteli, mzee mweusi aitwaye Hallorann, anamweleza mtoto kwamba yeye na bibi yake walikuwa wakizungumza bila ya kufungua midomo. Msikilizaji wa Unguja hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Tuanze na Kubrick. Alivyovitupa ni vingi. Kitabuni mna mzinga wa nyigu ambao Jack anautia moshi na kumpa mwanawe kama zawadi, na usiku nyigu wanafufuka na kumuuma mtoto, Kubrick hakuutia. Kitabuni mna boila kuukuu chini ya hoteli ambalo lazima lipunguzwe mvuke kila siku, na mwisho linasahauliwa, linapasuka na hoteli inaungua. Katika sinema hoteli inabaki imesimama, na Jack anaganda kwa baridi katika mzingile wa ua wa miti, mzingile ambao kitabuni haumo kabisa. Nyundo ya mti imekuwa shoka. Chumba namba 217 kimekuwa 237, kwa ombi la hoteli ya Oregon iliyopigwa picha kwa nje, iliyokhofu wageni wasije wakakikataa chumba chao cha kweli. Hata gari dogo la familia, lililokuwa jekundu kitabuni, limekuwa la manjano. Na mwenye macho makali ataliona lile jekundu limepondwa njiani chini ya lori. Wapenzi wengi wa sinema wamelichukulia hilo kuwa ni kijembe kwa mwandishi, nami sioni sababu ya kuwapinga.

Baada ya kutupa vyote hivyo, Kubrick alibaki na nini? Alibaki na upana. Kamera yake inamfuata mtoto akiendesha baiskeli ya magurudumu matatu katika korido, na magurudumu yanapokuwa juu ya mbao yanavuma, yakipanda zulia yananyamaza, kisha mbao tena. Hakuna kinachotokea. Mtazamaji anaanza kuikhofu kona kabla kona haijafanya lolote. Mahali pengine Wendy anaikaribia meza ya mumewe kutazama maandishi aliyoyashughulikia wiki nyingi, naye anakuta sentensi moja imepigwa chapa mara maelfu, mara nyengine kwa umbo la aya, mara nyengine kama beti. Hilo nalo kitabuni halimo. Lakini kwa mtu yeyote aliyewahi kukaa mbele ya karatasi akisubiri mstari uje, hakuna mzuka wa kumshinda huo. Nimeyaona mashairi ya aina hiyo, vina vimetimia na mizani imetimia, na mtungaji hana habari kuwa hakusema kitu.

King alilalamika kwamba sinema hiyo ni gari zuri lisilo na injini. Wengi walimcheka, wakaona ni wivu wa mwandishi. Mimi naona ana haki kwa nusu, na nusu hiyo ni kubwa. Kitabu chake ni habari ya baba anayempenda mwanawe na akawa ndiye hatari yake. Kitabuni, karibu na mwisho, nyundo ikiwa tayari imeinuliwa, baba anarudi katika uso wake kwa kitambo kidogo, anamwambia mtoto akimbie na akumbuke kwamba anampenda. Khofu yote ya riwaya imejengwa juu ya kitambo hicho. Sasa mtazame Jack Nicholson katika sinema. Tangu siku ya kuomba kazi nyusi zake zinasema kila kitu. Hatushangai akishika shoka, twashangaa kwa nini amechelewa. Hakuna kinachopotea, kwa kuwa hakukuwa na kitu. Na Shelley Duvall, aliyefanya kazi ngumu kuliko wote, kaachiwa kulia tu.

Kuna badiliko jengine nisiloweza kulipitisha. Mzee Hallorann kitabuni anavuka theluji akafika akawaokoa mama na mtoto, akapona pamoja nao. Kubrick anamvusha theluji ile ile, anamfikisha ukumbini, na hapo hapo anamuua. Mtu mweusi wa pekee mwenye nafasi katika kisa analetwa kutoka Florida ili afe na aache gari la theluji la kutorokea. Hapa hatuwezi kumsingizia ufundi.

Tuje kwenye televisheni. Mchezo wa 1997 ulipigwa katika hoteli ya Stanley, huko Estes Park, Colorado, ambayo ndiyo iliyompa King wazo la riwaya alipolala humo mwaka 1974, msimu ukimalizika na hoteli ikiwa karibu tupu. Uaminifu gani wa kuupita huo? Mzinga wa nyigu umo, nyundo imo, boila limo, chumba ni 217, Hallorann hafi. Kwa zaidi ya saa nne tunapewa nafasi ya kumjua Jack kabla hajaharibika, na Steven Weber anamcheza kama mtu mpole mwenye aibu, anayehesabu siku zake za kutokunywa. Saa ya kwanza ya mchezo huo, kwa maoni yangu, ni bora kuliko watu wanavyoikubali. Tunaiona nyumba yenye mapenzi na kovu. Rebecca De Mornay ni Wendy mwenye akili na uti wa mgongo, kama kitabuni.

Kisha inakuja khofu, na mchezo unaanguka.

Sababu ya kuanguka inaonekana vizuri katika jambo moja. Kitabuni, mbele ya hoteli, pana vichaka vilivyokatwa kwa umbo la wanyama: simba, mbwa, sungura. Jack anavitazama, vimetulia. Anageuza uso. Akitazama tena, vimesogea. Havisogei vikitazamwa. Tendo lote la kutisha linatendeka katika ule muda wa kugeuza uso, muda ambao mwandishi hauandiki na msomaji anautia mwenyewe. Kubrick alivitoa vichaka hivyo akapanda mzingile, maana ufundi wa wakati ule usingeviweza. Miaka 17 baadaye kompyuta ziliviweza, au zilidhani zimeviweza, na televisheni ikavionesha vikitembea. Simba wa majani anakuja mbio, tunamuona mguu kwa mguu, na mtoto wa miaka minane aliyekaa kwenye zulia la sebuleni anacheka. Kitu kimeletwa kama kilivyo orodhani, na khofu yake imeachwa bandarini.

Ajabu ni kwamba mchezo huu wa uaminifu ndio uliotia mwisho ambao kitabu hakikuwa nao. Miaka kumi baada ya moto, Danny anamaliza skuli, na katika sherehe ya kutunukiwa cheti kivuli cha baba yake kinamtokea kwa upole na mapenzi. Hilo hakulitia mtu wa kando, amelitia mwenyewe mwenye kitabu. Yawezekana alitaka kuhakikisha kwamba safari hii hakuna mtu atakayesema baba yule hakumpenda mwanawe. Lakini kitambo kile kimoja cha kitabuni, cha nyundo iliyosita hewani, kilikuwa na nguvu kwa kuwa kilikuwa kimoja na kikapita.

Wapenzi wa mashairi wanaijua kesi inayofanana na hii. Edward FitzGerald alipozifanya rubai za Omar Khayyam kuwa Kiingereza mwaka 1859, aliziunganisha, akazikata, akatia yake. Mwaka 1898 Edward Heron-Allen alitoa tafsiri ya neno kwa neno, yenye manufaa makubwa kwa mwenye kutafuta Khayyam alisema nini hasa. Shaaban Robert alipotaka kumleta Khayyam kwa Kiswahili, aliyemfuata ni FitzGerald, yule asiye mwaminifu. Mshairi alifuata sauti. Na bado anayetaka kujua kilichopotea hana budi kurudi kwa Heron-Allen, wala halali yake haimwagiki kwa kuwa hakuimba. Ndivyo ninavyouweka mchezo wa 1997: ni tafsiri ya maneno inayotuonesha Kubrick alichokiacha, na alichokiacha kilikuwa moyo.

Kuna jambo la mahali pia. Sinema ya Kubrick ilifanywa kwa ajili ya ukumbi wa giza, mfano wa Majestic au Empire zetu za zamani, ambamo umekaa na watu usiowajua na huwezi kuinuka. Televisheni hukaa sebuleni, taa inawaka, chai inapita, na kila baada ya dakika chache khofu inakatwa ili sabuni itangazwe. Khofu ya kukatwa vipande haihitaji kuwa dhaifu. Bibi zetu waliikata kila usiku wakaiendeleza kesho yake, nasi hatukulala. Ila wao walikuwa wakikata pale penye giza. Mchezo wa ABC unakata pale ambapo tumeshaona kila kitu.

Nimesema hoteli ina wenyewe. Msomaji wa Mji Mkongwe hawezi kulisoma hilo kama Mmarekani. Kubrick anamtia meneja katika sinema maneno machache, kwamba hoteli ilijengwa juu ya makaburi ya wenyeji wa Marekani. Kitabuni maneno hayo hayamo, na hayarudiwi tena. Hapa kwetu nyumba za kale ngapi zimekuwa hoteli? Pale Mkunazini mgeni anaweza kuteremshwa katika vyumba vya chini, akainama kwa ufinyu wake, akaelezwa habari za watumwa, kisha akapanda juu kunywa kahawa. Na kanisa la jirani limejengwa pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Khofu ya Kubrick, ya ukumbi mpana unaometa na sentensi moja iliyopitishwa haraka juu ya kilicho chini yake, inatufikia kuliko mzuka wowote wa televisheni aliyepakwa rangi ya uozo.

Ndiyo maana nilikuwa nikisikiliza kwa makini mabishano juu ya Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999, baada ya Amil Shivji kuifanya filamu mwaka 2021. Si kisa cha mizuka, lakini makarani wa forodha walikuwepo wale wale, wakihesabu sura zilizoachwa. Wachache waliuliza kama Yasmin wa kwenye filamu ana ile kiu ya Yasmin wa kitabuni. Na ipo riwaya yetu nyengine inayoningojesha kwa wasiwasi zaidi, Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960. Kitabu kile hukutia khofu ya mzimu, kisha Bwana Msa hukutoa khofu hiyo kwa akili. Atakayekipiga picha itambidi achague: aioneshe khofu hata tusimwamini Bwana Msa, au amfuate Bwana Msa tangu mwanzo hata tusiogope. King angetaka vyote viwili vioneshwe. Kubrick, nadhani, angemtoa Bwana Msa, nasi tungegombana naye miaka arubaini huku tukiirudia filamu yake kila mwaka.