Mshono Kwenye Mto Munge

Ubao wa mgrivilea, sentimita 40 kwa 40, na ndani yake kreta nzima ya Ngorongoro. Ndiyo kazi niliyomkuta nayo fundi mmoja wa Karatu, kwenye mashine ndogo ya CNC, ile ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, iliyobanwa juu ya meza ya useremala. Upana wa kilomita 20 hivi ukiingia katika ubao huo, kina cha mita 600 kinabaki milimita 12. Biti ya kumalizia hupita kila nusu milimita: mistari 800, zaidi ya saa tano. Na umeme wetu tunaujua.

Anayeanza huweka faili moja na kumwachia Mungu. Huyu ameikata kazi vipande vitano. Sakafu ya kreta, inayokula zaidi ya nusu ya muda, ameigawa kwa kufuata Mto Munge, ufuko wa Ziwa Magadi, kisha msitu wa Lerai. Kwa nini asipige mstari ulionyooka? Kwa sababu kazi ikisimama na kuanza upya, hubaki mshono mwembamba, ukipitisha ukucha unausikia. Kwenye tambarare ungekuwa kovu. Pale mtoni, jicho linadhani ni mto. Mimi hapo nilivua kofia.

Kusimamisha kwenyewe ni rahisi: anabonyeza alama ya mshangao kwenye kompyuta, mashine inapunguza mwendo na kutulia bila kusahau ilipo. Ila biti huendelea kuzunguka palepale, na punde mbao inanuka moshi. Kwa hiyo husubiri kipande kiishe.

Siku ile umeme haukusubiri. Ulikatika dakika ya 40 ya sakafu ya mashariki, biti ikiwa ndani ya mbao.

"Karibu chai, kaka," akasema.

Umeme uliporudi, alizungusha skrubu ya juu kwa vidole mpaka biti ikatoka. Akairudisha mashine kwenye kona yake igonge swichi, halafu akatafuta sifuri ya urefu kwa kipande cha karatasi, akikivuta huku na huku mpaka kikang'ang'ania chini ya biti. Alipimia mezani, si juu ya ubao. Uso wa ubao ulishaliwa.

Akaanza faili ile tangu mwanzo. Biti ilipita juu ya njia zake za zamani, ikipuliza hewa tu, bila unga wowote. Tukakaa kimya tukisikiliza, mpaka sauti ikabadilika.