Kapsuli Iliyoishia Kwenye Ndoo

Video ya upasuaji ule wa kuweka nyonga bandia mmeiona, na wengi mmeisifu. Mimi naona nyonga ile iliharibiwa wakati wa kufunga.

Kikombe cha bandia kilikaa vizuri, mwinamo wa digrii 40 hivi. Shina lililoingizwa kwenye fupa la paja halina lawama.

Sasa rudini mwishoni. Mpasuaji aliingia kwa njia ya nyuma, ambayo haidai meza maalumu wala eksirei ndani ya thieta. Ukipita huko lazima ukate misuli mifupi inayogeuza paja nje, kisha kapsuli (mfuko wa kiungo) iliyo chini yake. Hapo hajakosea. Lakini kapsuli aliinyofoa akaitupa kwenye ndoo, misuli akaiacha inaning'inia, halafu akashona ngozi kama anatarizi kofia. Matundu mawili kwenye trokanta kubwa (kinundu cha juu ya fupa la paja), nyuzi nzito, dakika chache tu: hakufanya. Na hili si jipya. Mwaka 1998 Pellicci na wenzake walionyesha kuwa kurudishia tishu hizo kulishusha kuteguka kutoka asilimia 4 hadi sifuri kwa wagonjwa wa mpasuaji mmoja, na kutoka 6.2 hadi 0.8 kwa wa mwenzake.

Tena mgonjwa mwenyewe ni mzee wa Pangani. Anakula mkekani, anasujudu, choo chake cha kuchuchumaa. Paja likikunjwa sana na kugeukia ndani, kichwa cha nyonga bandia hutokea nyuma, palepale palipoachwa wazi. Wakampa karatasi: usiiname, usichuchumae. Haya, msikitini atasali kwenye kiti, dini imemruhusu. Chooni je? Na kabla hajafika huko kuna basi la kupitia Segera, siti fupi, magoti kifuani.

Msiniambie basi angepita mbele. Njia hiyo ya mbele, ya Smith-Petersen, waliyoitukuza akina Judet kule Paris na baadaye Matta wa Marekani, humwinua mgonjwa mapema wiki za kwanza. Ikifika miezi mitatu tofauti ni ndogo. Anayejifunzia humo huvunja fupa la paja, au humwachia mtu ganzi pajani. Kovu zuri, lakini nani analiangalia? Mzee huyu ningempitishia pembeni, kwa njia ya Hardinge. Gharama yake ni kuchechemea, na mkongojo anao tangu zamani.

Na kufunga kwa makini kulikuwapo tangu zamani. Mpasuaji Charnley, pale Wrightington, Uingereza, kuanzia 1962, alitumia kichwa cha milimita 22 tu. Alikata trokanta nzima, na kabla ya kufunga aliirudisha kwa waya. Ndiye huyohuyo aliyejenga kibanda cha hewa safi ndani ya thieta kwa kuogopa usaha. Hakuwa mtu wa kuharakia chai.

Nyonga ya mzee imeshateguka mara mbili. Sasa wanataka kumfungua tena, kichwa cha milimita 28 kiwe cha 36. Kichwa kikubwa husaidia, kwa kuwa husafiri mbali zaidi kabla ya kuchomoka. Ila kikombe alichowekewa ni kidogo. Ukiingiza 36, plastiki inabaki nyembamba mno. Itabidi wang'oe na kikombe.