Diski Ipi Ifuate: Uchaguzi wa Michezo ya PlayStation Mjini Likasi

Kuchagua mchezo wa konsoli utakaonunuliwa baada ya ule uliopo ni kazi ya kuondoa kabla haijawa kazi ya kupenda. Michezo mizuri ni mingi kuliko pesa na muda wa mtu yeyote. Kwa mnunuzi wa Likasi, mji wa viwanda vya shaba na kobalti ulio kilomita kama 120 kutoka Lubumbashi kwenye barabara ya kwenda Kolwezi, orodha ya michezo hiyo hupita kwanza kwenye vichungio ambavyo havimsumbui mhakiki wa Paris au London: umeme, intaneti, na nchi iliyoandikwa kwenye akaunti. Swali linaloanza ni kiasi gani cha mchezo kimo ndani ya diski yenyewe. Uzuri wake hupimwa baadaye, kwa kile kilichobaki.

Akaunti ndiyo chanzo cha mengi. Katika Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara, duka la mtandaoni la PlayStation limefunguliwa rasmi kwa Afrika Kusini tu. Kongo haimo. Ukubwa wa pengo hilo ulionekana Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation: mchezo huo uliondolewa sokoni kwa mkupuo mmoja katika nchi na maeneo 177, kabla kampuni haijarudi nyuma kwa kelele za wateja. Mkongo anayetaka duka hilo hufungua akaunti ya Ufaransa, Marekani au Afrika Kusini. Njia hiyo hufanya kazi, ila ina masharti yake. Nchi ya akaunti haibadilishwi ikishachaguliwa, na kadi ya malipo ya awali lazima iwe ya nchi ileile. Kadi ya dola haikubaliwi na akaunti ya Ufaransa. Tena, mchezo ulionunuliwa kwa njia hiyo hauwezi kuuzwa wala kuazimwa kama kitu cha mkononi. Ongeza gharama ya kupakua gigabaiti 50 kwa vifurushi vya simu, na sababu ya diski kuendelea kutawala itaeleweka bila maelezo zaidi.

Lakini diski si mchezo sikuzote, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Diski ya Blu-ray ya PS4 hubeba hadi gigabaiti 50. Mtengenezaji aliye mwaminifu huijaza. Mwingine huitumia kama ufunguo tu, na hilo ndilo kundi la kwanza la tahadhari. Call of Duty: Modern Warfare II, iliyotoka Oktoba 2022, ndiyo mfano uliosemwa sana: diski yake ya PS5 ilikuwa na megabaiti kama 70 tu, na mchezo wote ulipaswa kupakuliwa. Kwenye nyumba isiyo na laini ya kasi, hicho ni kisanduku chenye picha nzuri.

Kundi la pili ni michezo iliyojaa kwenye diski lakini isiyofanya kazi bila seva. Gran Turismo 7 ya Machi 2022 ilisifiwa kila mahali, lakini karibu kila sehemu yake ya maana hudai muunganisho wa intaneti. Wiki mbili hivi baada ya kutoka, seva zake zilizimika kwa zaidi ya saa 30, na wenye diski duniani kote wakaonja hali ambayo kwa mtu wa Kikula au Panda, mitaa ya Likasi, ni ya kila siku. Need for Speed ya 2015 nayo haianzi bila mtandao. Kinyume chake, Gran Turismo 6 ya PS3, iliyotoka Desemba 2013, iliendelea kuchezwa na mtu mmoja hata baada ya huduma zake za mtandaoni kufungwa Machi 2018. Kwa hiyo hutokea mara kwa mara kwamba mchezo wa zamani, kwenye konsoli ya zamani, ni ununuzi bora kuliko mrithi wake. Hilo halitokani na kupenda vya kale. Mchezo wa zamani umekamilika.

Kundi la tatu ni michezo iliyo kamili lakini mizito. Red Dead Redemption 2 (2018) huja kwa diski mbili kwenye PS4, moja ya data na moja ya kuchezea, nayo huchukua gigabaiti zipatazo 105. PS4 ya gigabaiti 500 humwachia mwenyewe takriban 400 za kutumia. Mchezo mmoja wa namna hiyo ni robo ya nafasi yote, maana PS4 hunakili data ya diski kwenye hifadhi ya ndani, kisha hudai diski ibaki kwenye mashine kama uthibitisho tu. Dawa ipo: tangu toleo 4.50 la programu endeshi, la Machi 2017, PS4 hukubali diski ngumu ya nje ya USB 3.0, na hata ile ya ndani inaweza kubadilishwa na fundi yeyote mwenye bisibisi.

Soka linahitaji hesabu yake peke yake, kwa kuwa ndilo linalonunuliwa kuliko kitu kingine chochote, na ndilo linalonunuliwa kwa uzembe kuliko kitu kingine chochote. Electronic Arts hutoa toleo jipya kila Septemba hivi. Mfululizo wa FIFA uliishia FIFA 23, na tangu 2023 jina ni EA Sports FC. Mazoea ya kukimbilia toleo la mwaka hayana msingi wa kiufundi kwa anayecheza bila intaneti. Njia ya Ultimate Team huchezwa mtandaoni tu. Ukiitoa, zinabaki mechi za kirafiki za watu wawili na njia ya kazi ya kocha au mchezaji, na hizo hubadilika kidogo kidogo. Kampuni yenyewe imewahi kukiri hivyo kwa jina: FIFA 18 ya PS3, na FIFA 20 hadi FIFA 23 za Nintendo Switch, ziliitwa Legacy Edition, yaani mchezo uleule wa awali wenye jezi na vikosi vipya. Mwenye PS3 hana budi kujua kwamba FIFA 19 ndiyo ya mwisho kwake, na mwenye PS2 kwamba yake ni FIFA 14. Diski yoyote inayouzwa kama mpya zaidi kwa mashine hizo imefanyiwa kazi na mtu mwingine.

Kinachofaa kulinganishwa kati ya toleo na toleo ni leseni. Katika FIFA 20, 21 na 22, Juventus haimo kwa jina lake. Ipo timu iitwayo Piemonte Calcio, yenye wachezaji walewale na jezi ya kubuni, kwa sababu haki za klabu hiyo zilikuwa kwa Konami. Jina la Juventus lilirudi katika FIFA 23. Mambo kama hayo huleta ugomvi zaidi kwenye chumba cha kuchezea cha kulipia kuliko ubora wa picha. TP Mazembe, klabu ya Lubumbashi iliyofika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010, haimo katika michezo hiyo ya FIFA, na shabiki wa Katanga hana toleo la kusubiri kwa sababu hiyo.

Upande wa Konami, mnunuzi anapaswa kutofautisha vitu viwili vyenye jina linalofanana. eFootball, iliyotoka Septemba 2021 badala ya mfululizo wa Pro Evolution Soccer, haina diski na huishi kwenye seva. Ni bure, lakini huduma ya bure isiyofikika haisaidii. eFootball PES 2021 ya mwaka uliotangulia ni mchezo mwingine kabisa: ina diski, ina Master League, na kwenye PS4 huruhusu faili za timu, nembo na jezi kuingizwa kwa USB kutoka folda iitwayo WEPES. Mtu mmoja mwenye intaneti nzuri Lubumbashi akipakua faili za vikosi vipya vilivyotengenezwa na wapenzi wa mchezo, kijiti kimoja cha USB kinatosha konsoli zote za mtaa. Kwa mazingira ya Likasi, ni vigumu kupata soka lenye thamani kubwa zaidi kwa bei yake, japo vikosi vilivyomo kwenye diski ni vya 2020.

Umeme huingia kwenye uchaguzi kwa njia mbili. Likasi haiko mbali na mabwawa ya Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, na tangu 1982 laini ya kilomita kama 1,700 huleta umeme wa Inga hadi Kolwezi. Hata hivyo, migodi hula sehemu kubwa, na delestaji, yaani ukataji wa umeme kwa zamu, ni sehemu ya ratiba ya nyumbani. Njia ya kwanza ni urefu wa raundi. Mechi ya dakika sita kila kipindi, pambano la Tekken 7 au mzunguko wa mbio za magari hupotea kwa hasara ndogo umeme ukikatika. Mchezo wa hadithi hupoteza kila kilichofanywa tangu ulipohifadhiwa mara ya mwisho, na ukatikaji ukitokea wakati wa kuhifadhi kwenyewe, faili inaweza kuharibika. Kwa hiyo, kabla ya kununua mchezo wa saa 40, inafaa kujua kama mchezaji huhifadhi anapotaka au hulazimika kufika kituo fulani.

Njia ya pili ni matumizi. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa hesabu. Ikiwa ni ya asidi, si busara kuitoa zaidi ya nusu, na inveta hula sehemu yake, hivyo zinabaki kama 500. PS4 Slim pamoja na televisheni ndogo ya LED hutumia wati 120 hivi, nayo huendeshwa kwa saa nne. PS5 kwenye mchezo mzito hufika wati 200 yenyewe, na muda hupungua hadi saa mbili. PS2 nyembamba huenda hadi saa saba. Mwenye jenereta atahesabu kwa lita, lakini uwiano ni uleule. Tahadhari moja kuhusu PS2: zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi ni za volti 100, na huweza kuungua zikichomekwa moja kwa moja kwenye 220.

Konsoli iliyotumika nayo huamua diski zipi zitakubaliwa. PS4 yenye programu endeshi iliyo chini ya 9.00 ina kasoro iliyojificha: betri yake ndogo ya saa ikifa, na mashine isipoweza kuuliza seva za Sony saa sahihi, michezo hukataa kuanza, hata ya diski. Toleo 9.00 la Septemba 2021 liliondoa tatizo hilo. Sasisho haliihitaji konsoli iwe mtandaoni; faili ya PS4UPDATE.PUP huwekwa kwenye USB ndani ya folda PS4/UPDATE, na kazi huisha kwa dakika chache. Wapo wanaoacha kusasisha kwa makusudi ili mashine ibaki wazi kwa michezo ya kunakili. Huo ni uamuzi mwingine, wenye upande wa sheria na wa kiufundi: mashine hiyo hujifungia diski zinazodai programu mpya zaidi.

Kwa chumba cha kuchezea, uchaguzi hufuata mauzo. Tuseme diski ya soka ni dola 20, dola ni faranga 2,500, na kila mechi huacha faranga 200 baada ya kulipia umeme, pango na maneti, yaani vidhibiti vya mkononi. Diski hurudisha pesa yake kwa mechi 250. Kwa mechi nne kwa saa, ni saa 63 za umeme. Mchezo wa mtu mmoja wa bei hiyohiyo huwaweka wengine wakitazama bila kulipa. Ndiyo maana vyumba hivyo hurudia soka na ngumi, na hakuna sababu ya kuvicheka. Gharama isiyoonekana ni maneti: soka huchosha vijiti vyake, ngumi huua vitufe, na betri ya maneti ya lithiamu, ambayo kwa kawaida huwa na kobalti, huja kwa bei ya ng'ambo hata katika mkoa unaochimba kobalti. Nyumbani hesabu hugeuka. Mchezo mrefu wa hadithi kama God of War (2018), ulio kwenye diski moja na usiodai mtandao, hutoa saa nyingi zaidi kwa kila dola kuliko toleo la tatu la soka lilelile.

Baada ya kuchuja, uchaguzi humalizikia kaunta. Diski za PS4 hufanya kazi kwenye PS4 ya nchi yoyote, lakini nyongeza zinazopakuliwa lazima zitoke kwenye duka la eneo la diski, linalotambulika kwa namba ya CUSA ubavuni mwa jalada. Nembo ya PEGI huonyesha toleo la Ulaya, na ESRB la Marekani; namba ya PEGI, 3 hadi 18, ndiyo pia kipimo cha umri kwa mzazi. Lugha husomwa nyuma ya jalada, si kukisiwa: la Ulaya mara nyingi huwa na Kifaransa, la Ghuba linaweza kuishia Kiarabu na Kiingereza. Toleo linaloitwa kamili lichunguzwe kama nyongeza zimo kwenye diski au kwenye karatasi yenye msimbo, kwa sababu msimbo hutumika mara moja na mmiliki wa kwanza huwa ameshautumia. Mwisho, diski hujaribiwa dukani kwenye konsoli iliyozimwa mtandao, na jaribio huendelea mpaka unakili ufike mwisho. Kuona menyu hakutoshi, wala mechi moja, kwa kuwa baadhi ya michezo, FIFA ikiwemo, huruhusu mechi ya kujipasha moto huku data nyingi ikiwa bado haijasomwa kutoka kwenye diski.