Sarufi ya Kiswahili Ndani ya Makosa ya Kiingereza

Mwanafunzi anayeandika "The book which I bought it is lost" hajaandika ovyo, kwa kuwa sentensi yake imejengwa kwa kanuni, na kanuni yenyewe ni ya Kiswahili. Katika "kitabu nilichokinunua kimepotea", kitenzi kimebeba kirejeshi "-cho-" kinachoelekeza kwenye kitabu, kisha kikafuatiwa na "-ki-", ambacho ni kiambishi cha yambwa, yaani kipande kinachowakilisha kitu kilichotendwa, nacho kinaelekeza kwenye kitabu kile kile. Kiingereza hakikubali kutaja huko mara mbili: neno "which" likishashika nafasi ya kitabu, "it" halina tena mahali pa kukaa. Mwalimu anayekata "it" kwa kalamu nyekundu bila neno zaidi amesahihisha sentensi moja, na mwanafunzi ataitunga tena wiki ijayo, kwa sababu kanuni iliyoizaa haijaguswa.

Wataalamu wa isimu, yaani elimu ya uchunguzi wa lugha, walichukua muda kulikubali jambo hili. Mwaka 1957 Robert Lado alichapisha kitabu cha kulinganisha lugha, akishikilia kwamba matatizo ya mwanafunzi yanaweza kutabiriwa kwa kuiweka lugha yake ya kwanza kando ya lugha anayojifunza na kutazama zinapoachana. Miaka 10 baadaye S. Pit Corder alipendekeza kwamba kosa litazamwe kama ushahidi wa sarufi anayoijenga mwanafunzi kichwani mwake, na akatofautisha kosa la kweli, linalotokana na kutojua, na mtelezo, unaompata hata anayejua pindi anapochoka au kuharakishwa. Mwaka 1972 Larry Selinker aliita mfumo huo wa mwanafunzi lugha-kati, maana yake lugha isiyo ya kwanza wala ya pili bali yenye kanuni zake, akaonya kwamba baadhi ya sehemu zake huganda zisibadilike tena hata mafunzo yakiendelea.

Tofauti ya kosa na mtelezo inafafanua jambo linalowashangaza walimu wengi, yaani kuchanganya "he" na "she". Hakuna mwanafunzi wa kidato cha pili asiyejua kwamba "she" ni ya mwanamke, na akipewa zoezi la kujaza nafasi atajaza sawasawa. Lakini akisimulia habari za mama yake kwa haraka atasema "he", kwa kuwa kiambishi "a-" cha Kiswahili hakiulizi jinsia, na akili iliyozoea kutoulizwa haikumbuki kuuliza. Huo ni mtelezo, nao hauponywi kwa kurudia maelezo ya kanuni, unapungua kwa mazoezi mengi ya kusema.

Kiambishi hicho hicho kinahusika pia na "My father he go to work". Kiswahili hudai kila kitenzi kipatane na nomino yake, na upatanisho huo hukaa mwanzoni mwa kitenzi: "baba yangu anakwenda". Mwanafunzi hulichukua "he" kama ndiyo "a-", hulibandika mbele ya kitenzi, na kwa hesabu yake upatanisho umekamilika, kwa hiyo ile "-s" ya mwishoni, "goes", haionekani kwake kuwa na kazi. Si haki kumwita mvivu wa upatanisho mtu ambaye lugha yake inapatanisha vivumishi, vimilikishi, vionyeshi na vitenzi kwa ngeli zote.

Kosa linalostahili kuchunguzwa kwa kina zaidi ni lile la hali timilifu, yaani umbo la kitenzi linaloeleza tendo lililokamilika na ambalo matokeo yake yanagusa wakati uliopo. Vitabu na madaftari mengi humpa mwanafunzi mlinganyo mwepesi kwamba "-me-" ni sawa na "have" au "has" pamoja na kitenzi, na mlinganyo huo hufanya kazi katika "nimemaliza" na "I have finished". Ila "-me-" ina kazi pana zaidi. Ikikutana na vitenzi vya mkao na vya hali ya mwili, hutaja hali iliyopo sasa: "amelala" maana yake yuko usingizini, "amekaa" yuko kitini, "amevaa kanzu" anayo mwilini. Kiingereza hutumia njia nyingine kabisa kwa hali hizo, "he is asleep", "he is sitting", "he is wearing". Anayefuata mlinganyo atasema "The child has slept" akiwa na maana kwamba wageni wapunguze sauti, na Mwingereza ataelewa kwamba mtoto ameshapata usingizi wake wa kutosha. Hapo hakuna neno lililokosewa wala umbo lililovunjika. Kila kitu ni sahihi isipokuwa maana, na kosa la aina hiyo ndilo gumu kuliko yote kulitambua, kwa sababu linapita mbele ya mwalimu likiwa limevaa sare.

Upande wa pili wa tatizo hilo ni wakati. Katika mazungumzo ya kila siku msemaji wa Kiswahili husema "nimefika jana" bila kupingwa, lakini umbo la Kiingereza halivumilii kielezi cha wakati uliokwisha, ndiyo maana "I have arrived yesterday" hukataliwa na "I arrived yesterday" hukubaliwa. Lawama kubwa hapa ni ya mlinganyo kuliko ya mwanafunzi. Ingefaa tangu mwanzo afundishwe kuuliza maswali mawili kabla ya kuitafsiri "-me-": je, inataja tendo au hali iliyopo, na je, kuna neno linalotaja wakati uliokwisha?

Viainishi, yaani "a" na "the", huelezwa kwa kawaida kama jambo ambalo Kiswahili hakina, kisha mwanafunzi huachwa akariri orodha ndefu ya matumizi. Ni kweli kwamba Kiswahili hakina maneno hayo, lakini si kweli kwamba hakina maana hiyo. "Asha amenunua kitabu" huweza kusemwa kwa msikilizaji asiyejua ni kitabu gani, ilhali "Asha amekinunua kitabu" humhusu anayekijua tayari, labda kile kilichozungumzwa asubuhi. Ya kwanza huelekea "a book" na ya pili "the book". Kipimo hiki hakifiki kila mahali, maana kwa watu na wanyama kiambishi cha yambwa huwekwa hata pale mtajwa asipojulikana, kama katika "nimemwona mtu", na hakisaidii lolote mbele ya majina ya mito na milima. Hata hivyo humpa mwanafunzi mahali pa kuanzia ndani ya lugha anayoimiliki, na inasikitisha kuona kinavyopuuzwa.

Kuna kosa jingine lisiloonekana katika daftari kabisa. Mtu akiulizwa kwa Kiswahili "Hujala?" naye hajala, anaweza kujibu "Ndiyo", yaani ulivyosema ni kweli. Jibu la Kiswahili hupima ukweli wa kauli ya muulizaji, wakati jibu la Kiingereza hufuata hali yenyewe, kwa hiyo "Haven't you eaten?" hujibiwa "No" na asiyekula. Mgonjwa anayeulizwa na daktari mgeni kama hajameza dawa, akajibu "Yes" kwa hesabu ya Kiswahili, ameeleza kinyume cha hali yake, na sarufi ya neno hilo moja haina dosari ya kusahihishwa.

Hata hivyo Kiswahili kisibebeshwe kila mzigo. "Goed" badala ya "went", na "childrens" badala ya "children", hutokana na kuipanua kanuni ya Kiingereza chenyewe kupita mipaka yake, na watoto wanaozaliwa katika Kiingereza huyasema hayo hayo wakiwa wadogo. Makosa mengine yana mizizi miwili. "Explain me" hutoka katika "nifafanulie", ambapo kitenzi cha kutendea hubeba anayefafanuliwa bila kuhitaji kihusishi, lakini pia hutoka katika "tell me" na "show me", ambazo ni sahihi, zikimshawishi mwanafunzi kwamba vitenzi vyote vya kundi hilo huenda hivyo.

Kwa mwanafunzi wa Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa kwa miongo mingi mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma karibu masomo yote kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza na kukuta historia, jiografia na biolojia zikifundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Lugha-kati yake ikiwa bado changa, ndiyo anayotakiwa kuitumia kueleza damu inavyozunguka mwilini, na msahihishaji asiyeifahamu anaweza kudhani kwamba hajui somo.

Kwa sababu hiyo vyuo vya ualimu vinapaswa kumfundisha mwalimu wa Kiingereza sarufi ya Kiswahili kwa kina kile kile anachofundishwa sarufi ya Kiingereza, na mwalimu aliye darasani leo anaweza kuanza bila kusubiri mtaala: achukue makosa matano yanayojirudia zaidi katika madaftari ya wanafunzi wake, aandike kando ya kila moja sentensi ya Kiswahili iliyokusudiwa, na azifundishe sentensi hizo mbili kwa pamoja.