Joto kwa Kipimo: Sifa ya Fundi wa Rejeta

Katika gereji za Kariobangi Light Industries, na kando ya barabara zinazopita Buruburu, Umoja na Kayole, kazi inayosifiwa ni ile inayosikika: ekzosi iliyopanuliwa, tabochaja inayopuliza, injini iliyofunguliwa ikafungwa upya ikanguruma. Kuosha rejeta hakuna mlio. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, gari la mbio hutoka Donholm hadi mjini katika foleni ya asubuhi na mshale wa joto usicheze, na mwenye gari hana habari kwamba ameepushwa na lolote. Kwa hiyo kazi hii hulipwa kidogo, na mara nyingi huachiwa kijana aliyeanza kujifunza jana. Mimi nashikilia kwamba hapa ndipo ufundi wa injini ya kasi unapopimwa hasa, kwa kuwa anayeifanya sharti aujue moto wenyewe, na aujue pia mji ambamo moto huo unawaka.

Tuanze na moto. Petroli inapoungua ndani ya silinda, joto la gesi yake hupita nyuzi 2,000, kiwango cha kuyeyusha chuma chenyewe. Katika nguvu zote zilizomo kwenye petroli hiyo, takriban theluthi moja tu ndiyo hugeuka kuwa mwendo. Theluthi nyingine hutokea kwenye ekzosi, na sehemu kubwa ya iliyobaki huingia mwilini mwa injini, ambako maji hayana budi kuibeba hadi kwenye rejeta ili hewa iipokee. Kadiri injini inavyochoma petroli nyingi, ndivyo mzigo huo unavyokuwa mzito, na gari la mbio limeumbwa kuchoma petroli nyingi kwa muda mfupi. Wapenzi wa Subaru Impreza hawajasahau ushindi wake katika Safari Rally: Colin McRae mwaka 1997, Richard Burns mwaka 2000. Majina tunayoyakumbuka ni ya madereva. Lakini katika mashindano ambayo vumbi la asubuhi hugeuka tope mchana, rejeta iliyozibwa ingemtoa njiani dereva yeyote, hata bingwa wa dunia. Nyuma ya kila jina palikuwa na mikono iliyohakikisha kwamba hewa inapita.

Mji nao una masharti yake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, si 100 kama Mombasa. Injini nyingi za kisasa hufanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi. Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta, ambacho kwa kuzuia shinikizo huyafanya maji yasichemke hadi yapite nyuzi 110. Mpira wa kifuniko hicho ukichoka, kinga yote hiyo huondoka, na gari hubaki nyuzi chache tu kabla ya kuchemsha. Tena hewa ya huku juu ni nyepesi, kwa hiyo feni ileile hubeba joto dogo kuliko inavyobeba pwani. Ongeza foleni ya Barabara ya Jogoo, ambapo hakuna upepo wa mwendo na feni imeachiwa kazi yote. Ongeza na maji ya kisima yenye chumvi, ambayo mitaa mingi ya Eastlands huyategemea mifereji inapokauka. Gari lililotoka Japani na kulanti yake safi huongezewa maji hayo kidogo kidogo, na baada ya muda chumvi hujenga ukoko ndani ya mirija ya rejeta. Ukoko huo ni blanketi: maji yanapita, joto halitoki.

Sasa mtazame fundi anayeijua kazi. Haanzi na maji. Husubiri injini ipoe, kwa sababu kifuniko kikifunguliwa kingali na moto, maji hulipuka mvuke na kumbabua uso. Kisha hukigeuza kifuniko na kupitisha kidole gumba kwenye mpira wake akitafuta ufa au ugumu. Hutazama rangi ya maji: ukahawia ni kutu, weupe ulioganda mdomoni ni chumvi, na utando wa mafuta ni habari mbaya ya gasketi. Rejeta ikishashuka, huimulika kwa tochi kutoka nyuma ili aone ni wapi mwanga haupiti. Baina yake na kondensa ya kiyoyozi ndipo hujibana vumbi, manyoya na mabawa ya wadudu. Maji ya kuosha hupitishwa kutoka upande wa injini kwenda mbele, kinyume cha njia iliyoingiza uchafu, tena kwa mpira wa kawaida, maana mashine ya kuoshea magari hulaza mapezi ya alumini, na pezi lililolala huziba hewa sawa na tope. Ndani nako maji husukumwa kinyume mpaka yatoke meupe. Kujaza ndiko kunakodai subira zaidi. Silinda za Subaru zimelala ubavu, mbili kila upande, na hewa hupenda kujificha humo. Pua ya gari huinuliwa, hita hufunguliwa hadi mwisho, kulanti iliyochanganywa na maji yaliyokenekwa humiminwa polepole, na mipira ya maji hukamuliwa kwa mkono hadi mapovu yakome. Mapovu hayaharakishwi.

Kuna pingamizi la kwanza, nalo hutoka kwa mafundi wenyewe: nchi yetu ni ya joto, kwa hiyo toa themostati, maji yazunguke bila kizuizi. Ushauri huu umeenea sana, nao una kosa katika mzizi wake. Mpishi wa pilau hupunguza makaa, hazimi moto. Vivyo hivyo injini inataka joto kwa kipimo. Bila themostati, injini huchelewa kupata moto asubuhi, kompyuta yake huendelea kuimiminia petroli kana kwamba imewashwa sasa hivi, unyevu haukauki kwenye oili, na vyuma husagika kabla ya wakati. Katika injini nyingi, themostati inapofunguka hufunga pia njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari lililotolewa kifaa hicho ili lisichemshe linaweza kuchemsha kwa sababu hiyohiyo. Na Nairobi, ambayo Julai watu wake huvaa masweta, haina joto la kuhalalisha jambo hilo.

Pingamizi la pili ni la mwenye gari: rejeta mpya zinauzwa, ya nini kupoteza saa nzima kuosha kuukuu? Ni kweli kwamba rejeta za siku hizi, alumini yenye matangi ya plastiki, haziungwi kwa lehemu kama zile za shaba, na tangi likipasuka kubadilisha ndiyo busara. Lakini rejeta mpya ikijazwa maji yaleyale ya chumvi, chini ya kifuniko kilekile kilichochoka, imenunuliwa ili iharibike. Spea haichunguzi chanzo cha tatizo. Fundi ndiye huchunguza. Wala mwenye gari asitulizwe na mshale wa dashibodi, kwani katika magari mengi umeundwa kutulia katikati hata joto likipanda nyuzi kadhaa, na unapoanza kupanda, hedi ya alumini huenda imeshaanza kupinda.

Lipo lawama moja ambalo ufundi huu unastahili. Kulanti kuukuu ni sumu, na utamu wake huvuta mbwa na hata watoto. Kuimwaga mtaroni, ambako huishia katika mito ya Nairobi, ni kuosha gari la mmoja kwa kuwachafulia wengi. Fundi anayejiheshimu huikinga kwenye beseni na kuihifadhi kwenye mtungi uliofungwa. Nasi tunaomiliki magari hatuna haki ya kumdai uangalifu huo huku tukimlipa kama mtu aliyepanguza kioo. Tumlipe kwa saa alizotumia na kwa ujuzi alionao, tumnunulie kulanti halisi, tumwache asubiri mapovu yaishe. Na kijana anayejifunza kazi afundishwe rejeta kabla ya kufundishwa kuongeza nguvu za injini, kwa sababu asiyeweza kulitunza joto hana haki ya kuliongeza.