Sehemu ya Arobaini: Namna ya Kumpima Mtayarishaji

Mtazamaji akimaliza tamthilia iliyomkuna humsifu mwigizaji. Akiwa mjuzi kidogo, atamtaja na mwongozaji. Mtayarishaji hakumbukwi hadi siku waigizaji wanapolalamika mitandaoni kuwa hawajalipwa. Si ajabu, maana kazi yake haionekani kwenye kioo. Yeye ndiye aliyetafuta pesa, akamwajiri mwandishi, akakodi nyumba ya kurekodia, akakubali kukata tukio lililopwaya ingawa lilimgharimu, kisha akaifikisha kazi kituoni kabla ya saa ya kurushwa. Anayetaka kumpima atamsoma kwa alama alizoacha, na alama hizo huchukua miaka kuonekana. Filamu moja nzuri huweza kuwa bahati tu. Kazi ya miaka ishirini haielezeki kwa bahati.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni sehemu ya arobaini ya tamthilia ndefu. Sehemu ya kwanza isikudanganye. Hiyo ndiyo iliyopelekwa kwa wakubwa wa kituo ili mkataba utoke, na humo kila kitu kimekodiwa: taa, jumba la kifahari, hata mbwa wa getini. Ruka mbele. Tafuta sehemu ya katikati ya msimu, siku ambayo hakuna anayefunga ndoa wala anayekufa, kisha uisikilize kabla hujaitazama. Pesa zinapopungua, sauti ndiyo huanza kuharibika. Utasikia feni ikinguruma, jogoo akiwika katikati ya kilio cha mjane, na mazungumzo ya chumbani yakivuma kama yako ndani ya pipa. Mtayarishaji mbabaishaji humwondoa mchukua sauti kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa imani kwamba kipaza sauti cha kwenye kamera kinatosha. Hakitoshi, na hakijawahi kutosha.

Baada ya sauti, watazame wahusika wadogo: mlinzi, muuza genge, shangazi aliyekuja mara moja kuleta habari za msiba. Steringi atajitetea kwa jina lake hata muswada ukiwa mbovu. Mlinzi hana wa kumtetea. Akisema maneno mawili ukaamini kuwa kweli amekesha getini, ujue kuna mtu aliyelipia usaili na mazoezi. Angalia pia mwendelezo. Bandeji iliyokuwa mkono wa kulia isihamie wa kushoto, na mhusika asipotee bila maelezo. Mimi nikiambiwa kwamba mhusika mkubwa "amesafiri kwenda Mwanza" katikati ya msimu, jambo la kwanza ninalojiuliza linahusu malipo.

Ndiyo maana nawaheshimu wanaobeba tamthilia za miaka mingi kuliko wanavyoheshimiwa na waandaaji wa tuzo. Huba ilianza 2017 kwenye Maisha Magic Bongo, na Jua Kali ya Leah Mwendamseke, tunayemfahamu zaidi kwa jina la Lamata, ilifuata 2021. Unaweza usizipende hadithi zenyewe. Mimi mwenyewe huona njama nyingine zimevutwa kama ubani. Lakini kurusha kazi wiki hadi wiki, mwaka hadi mwaka, bila wahusika kubadilika tabia ghafla na bila picha kufifia, ni ufundi ambao tamasha la filamu halina namna ya kuupa zawadi.

Kila mtayarishaji apimwe kwa soko alilolikuta. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973, lakini Bara ilisubiri hadi 1994. Kizazi kilichoibuka baada ya Girlfriend, filamu ya 2003 iliyoongozwa na George Otieno Tyson, kilikuwa kikiuza kanda na diski, si haki za kurusha. Msambazaji wa Kariakoo alinunua kazi kwa mkupuo, akatengeneza kava lenye nyuso za mastaa, akaigawa filamu moja katika sehemu ya kwanza na ya pili ili mteja anunue mara mbili. Ule urefu wa kuchosha, mtu akitembea kutoka geti hadi mlangoni huku muziki ukipigwa, ulizaliwa sokoni. Kumlaumu mtayarishaji wa wakati huo kwa mwendo wa pole bila kulitaja soko ni kumwonea.

Swali la haki ni jingine: alibaki na nini? Aliyeuza kazi pamoja na haki zote alipokea fedha zake mara moja, zikaisha. Diski zilipokufa na watu wakahamia YouTube na ving'amuzi, yule aliyehifadhi haki na nakala safi ya kazi yake ndiye aliyekuwa na kitu cha kupeleka mezani. Kwa hiyo ukimchunguza mkongwe, uliza kazi zake za zamani ziko wapi na ni za nani. Anayeweza kukuonyesha filamu yake ya 2008 ikiwa safi, ya kwake, amefanya jambo ambalo wengi wa rika lake hawakulifanya. Steven Kanumba, aliyeigiza na kutayarisha kupitia kampuni yake, alifariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28. Huyo tusimpime kwa kipimo cha kazi ndefu, kwa kuwa muda hakupewa.

Kipimo cha pili kwa uzito ni watu aliowalea, na mfano ulio wazi uko Nairobi. Nairobi Half Life ya 2012 iliongozwa na Tosh Gitonga. Something Necessary ya 2013 iliongozwa na Judy Kibinge, Kati Kati ya 2016 na Mbithi Masya, Supa Modo ya 2018 na Likarion Wainaina. Waongozaji wanne, mitindo minne: uhalifu wa mjini, majeraha ya ghasia za uchaguzi, wafu waliokwama kati ya dunia mbili, mtoto mgonjwa anayetaka kuwa shujaa wa sinema. Sasa soma majina ya mwishoni. Utamkuta Sarika Hemi Lakhani katika orodha ya watayarishaji wa zote nne, chini ya mpango wa One Fine Day Films ulioanzishwa na Mjerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann. Mwongozaji anapobadilika kila mara na kiwango kikabaki palepale, unachokiona ni mkono wa watayarishaji. Kuna watakaosema hizo ni fedha za Ujerumani tu. Fedha zilikuwepo, ni kweli, ila fedha za wafadhili zimetengeneza pia filamu nyingi ambazo hakuna anayezikumbuka. Cha kufuatilia ni walioongoza: Gitonga aliendelea na Disconnect mwaka 2018, na Kibinge, ambaye hakuwa mgeni kwani alikwisha kutoa Dangerous Affair mwaka 2002, alianzisha DocuBox kwa ajili ya filamu za uhalisia.

Wengine hulea kwa njia iliyonyooka zaidi. Njoki Muhoho, aliyetayarisha Mother-in-Law ya Citizen TV, alikabidhiwa uongozi wa chuo cha MultiChoice Talent Factory cha Afrika Mashariki kilipofunguliwa Nairobi mwaka 2018. Dorothy Ghettuba alijenga Spielworks Media, akatoa Lies That Bind na tamthilia nyingine, kisha mwaka 2019 akaingia Netflix kama mwagizaji wa kazi za wengine. Je, hapo bado ni mtayarishaji? Kwangu ndiyo, ila kipimo kinahama: kwa kipindi hicho ahukumiwe kwa miradi aliyoipa ruhusa na ile aliyoikataa, na hiyo ya pili hatutaijua.

Filamu za wafadhili zinahitaji jicho la peke yake, kwa sababu huku kwetu zimelisha watayarishaji wengi. John Riber na Louise Riber walitengeneza Neria (1993), Everyone's Child (1996) na Yellow Card (2000) wakiwa Zimbabwe, kisha wakahamia Tanzania na kutuletea Siri ya Mtungi. Kila moja ilikuwa na ujumbe uliolipiwa: haki za mjane, yatima wa Ukimwi, mimba za ujana, afya ya uzazi. Namna ya kuipima ni rahisi. Uondoe ujumbe kichwani, uone kama hadithi inasimama. Neria inasimama. Shemeji anayebeba vitu vya marehemu nyumbani kwa mjane anakukasirisha kabla hujakumbuka kuna sheria yoyote ya mirathi. Siri ya Mtungi nayo ilisimama kwa sehemu kubwa, kwa sababu Cheche, yule mpiga picha wa Bagamoyo, aliruhusiwa kuwa mpuuzi na mwenye tamaa kama vijana wengine. Tazama pia kama mfadhili akiondoka kampuni inabaki. Kampuni ya akina Riber ilibaki, na mwaka 2018 ilitoa Bahasha na Fatuma, zote zikiongozwa na mtoto wao, Jordan Riber.

Usiogope pengo la miaka katika orodha ya kazi za mtu. Amil Shivji wa Kijiweni Productions alitoa Shoeshine mwaka 2013, T-Junction 2017, na Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, mwaka 2021. Miaka minne kutoka T-Junction hadi Vuta N'kuvute huonekana mingi kwa aliyezoea kasi ya diski. Lakini filamu ya Zanzibar ya wakati wa ukoloni inadai mavazi, mitaa isiyo na nyaya wala madishi, na fedha kutoka milango mingi, kila mlango na fomu zake. Pengo lenye kazi nzito mwishoni ni dalili njema. Pengo linalofuatwa na kazi ileile ya zamani iliyobadilishwa jina ni dalili mbaya.

Tuzo zisikupumbaze. Za Kalasha za Kenya na za tamasha la ZIFF la Zanzibar zina heshima yake, ila nyingi hutolewa kwa kazi moja ya mwaka mmoja, na tuzo iliyoko kabatini haikuambii waliobeba taa walilipwa lini. Waulize hao. Fundi umeme, mpishi wa lokesheni na dereva wa basi dogo wanajua ni nani akiwaita mara ya pili wataitikia. Mtayarishaji anayefanya kazi na mchukua sauti yuleyule kwa miaka kumi hahitaji barua ya utambulisho kutoka kwangu.

Vituo vya televisheni vina lawama yao katika haya yote. Hukimbiza majina ya mwishoni kwa kasi isiyosomeka, au huyakata kabisa ili tangazo la sabuni liingie. Yaacheni majina yapite, wakubwa. Nawe msomaji, tamthilia yako ikiisha leo usiku usishike rimoti mara moja. Soma ni nani ametayarisha, liandike jina lake mahali, na mwakani uone kama bado lipo na limezungukwa na akina nani.