Onyesho la Mwisho la Kinjeketile na Maandalizi ya Mhadhiri wa Fasihi: Mtazamo kutoka Rufiji

Mwishoni mwa tamthiliya ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), mhusika mkuu yumo kifungoni na anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, ijapokuwa yeye mwenyewe hana tena hakika nayo. Majibu ya mitihani yetu huliita tendo hilo ushujaa, kisha hupita. Sehemu hii inadai kwamba hapo ndipo mwanafunzi wa uzamivu angepaswa kupimwa kama mhadhiri mtarajiwa.

Kinjeketile anatambua kwamba neno likishatamkwa hukua likampita aliyelitamka. Akilikana, vizazi vijavyo vitaambiwa kuwa vita vyote vilikuwa upuuzi. Mwanafunzi atokaye Kibiti hatauliza kama maji ni ishara. Kwao mafuriko ya Rufiji huwapandisha watu madunguni, na yakishuka huacha unyevu wa kilimo cha mlau. Atauliza: watu wanaoyajua maji kiasi hicho waliaminije kwamba yatazuia risasi? Swali hilo halijibiwi kwa kutaja jina la nadharia.

Njia ya kulijibu iliwahi kuwapo. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu Maji Maji. Gilbert Gwassa, aliyehariri kumbukumbu za vita hivyo pamoja na John Iliffe, alikamilisha tasnifu yake ya uzamivu chuoni hapo mwaka 1973. Alionesha kwamba dawa ya Kinjeketile wa Ngarambe, aliyenyongwa Mohoro mwezi Agosti 1905, ilisimama juu ya imani kongwe za eneo hilo, ikiwamo ile ya Bokero. Kilichoaminiwa, basi, hakikuwa maji matupu ya mtoni. (Gwassa hamsahihishi Hussein, ambaye katika utangulizi wake anamtenga Kinjeketile wa jukwaani na yule wa historia. Anamsaidia mwalimu kumwelewa muulizaji, na hilo si dogo.)

Katika miaka yangu ya uzamivu nimeulizwa mara nyingi ninaongozwa na nadharia gani, pengo la utafiti liko wapi, na sampuli niliiteuaje. Sijaulizwa hata mara moja ningelifundishaje onyesho hili. Nimeendesha semina za shahada ya kwanza mihula minne bila msimamizi yeyote kuketi nyuma ya darasa. Tasnifu hunoa uwezo wa kujihami mbele ya watahini; darasa hudai uwezo wa kusikiliza swali ambalo mhadhiri hakulitarajia, na uwezo huo hauji wenyewe pamoja na joho.

Itasemwa kwamba muda hautoshi na wasimamizi wameelemewa. Ni kweli. Lakini kinachoombwa ni kipindi kimoja kabla ya utetezi wa tasnifu: mtahiniwa afundishe matini moja mbele ya msimamizi na wanafunzi, kisha ahojiwe juu ya maswali yao, si juu ya maelezo yake. Kwangu mimi, iwe onyesho hili la mwisho, na darasani awemo walau mwanafunzi mmoja aliyekulia delta.